Basi limejaa, tiketi chache: abiria wa njiani Kampala–Gulu wakaguliwe vipi?

Msimamizi_Kaskazini
Habari za humu, wakubwa. Basi la viti 67, Kampala kwenda Gulu kupitia Luweero na Karuma. Wanaopandia kituoni hawana shida, wanakatiwa dirishani. Shida ni wa njiani: Bombo, Wobulenzi, Luweero, Migyera, Kafu. Basi linafika Gulu viti vimejaa, karatasi ya safari (orodha ya tiketi zilizokatwa) ina tiketi nne tano tu za njiani. Wapo pia wanaolipia Bweyale kisha wanateremkia Kamdini. Mkaguzi apandie wapi, aangalie nini? Na asiyelipa kabisa afanyweje?

Nakala_ya_Pili
Tenganisha mambo mawili kwanza. Anayekwepa nauli ni mmoja mmoja, huyo hakuumizi sana. Anayekumaliza ni aliyelipa bila kupewa tiketi. Tuseme nauli ya kipande hicho ni 25,000, kondakta anamnong'oneza, "lete ishirini, tiketi ya nini?" Abiria kapunguziwa, kondakta kaweka zote mfukoni, na mkaguzi akipanda wote wawili wanatazama dirishani.

Kwa hiyo mkaguzi asianze na tiketi. Akishapanda tu, achukue karatasi ya safari, apige mstari chini ya tiketi ya mwisho, aandike saa na mahali, kondakta atie sahihi. Ndipo ahesabu vichwa, kuanzia kiti cha nyuma kuja mbele. Akianza kuhesabu kabla ya mstari, akifika nyuma kondakta ameshakata tiketi tatu za haraka mlangoni na hesabu imekaa sawa.

Baada ya vichwa, tiketi moja moja: namba, kutoka wapi hadi wapi, kiasi. Kiasi kilinganishwe na nakala iliyobaki kitabuni. Mchezo wa zamani ni kuchomoa kaboni, ile karatasi ya kunakilia: tiketi ya abiria inaandikwa 25,000, halafu nakala inajazwa peke yake 10,000. Geuza nakala uipapase. Iliyoandikwa kwa kaboni ina rangi laini isiyo na mkwaruzo. Iliyojazwa kwa kalamu ina wino na imechimba karatasi.

Kila tiketi iliyokaguliwa itobolewe. Isipotobolewa, kondakta anaiomba kwa abiria anapoteremka, "nipe nikafunge hesabu", kisha anamuuzia anayepanda hapo hapo.

Mahali: usikagulie kituoni, kagulia kati ya vituo. Kafu hadi Kigumba panafaa, maana wa Luweero na Migyera wameshalipishwa. Wanaopitiliza unawanasa Bweyale ikishapita, kabla ya Karuma. Badilisha siku na kipande. Mkaguzi akionekana kwenye basi la mbele, dereva wa nyuma ana habari kabla hujateremka.

Stegi_Kamdini
Mnajisumbua. Fanyeni kama taksi (matatu): mwenye gari anataja hesabu ya siku, ikifika imefika, kinachozidi ni cha dereva na kondakta. Abiria akikwepa, anawakwepa wao.

Nakala_ya_Pili
Kwenye taksi ya abiria 14 inayozunguka mjini, sawa. Basi la masafa haliwezi hivyo. Hesabu ikiwa haijatimia, dereva anajaza watu kupita leseni na kukimbiza gari, na faini ya trafiki inarudi kwako mwenye basi. Tena hutajua kamwe ni kipande gani kina abiria, utapangaje magari?

Mizigo_na_Nauli
Kuhusu asiyelipa: nauli ikusanywe dakika chache baada ya kupanda, isingoje karibu na kushuka. Anayesema "nitalipiwa mbele" apige simu sasa hivi, alipiwe kwa simu kabla ya kituo kinachofuata. Akishindwa, ateremshwe kwenye mji wenye watu, kama Kigumba au Bweyale. Msitu wa Karuma si mahali pa kumshusha mtu, pale ni nyani na malori. Akigoma, basi lisimame kituo cha polisi kilicho njiani, tiketi na karatasi ya safari zioneshwe. Kondakta asimnyang'anye simu wala mzigo. Deni la elfu kumi linageuka kesi ya wizi dhidi yako.

Wanaosafiri bure nao wakatiwe tiketi ya sifuri, kuanzia mtoto anayepakatwa hadi shemeji ya dereva. Wasipoandikwa, kila kichwa kilichozidi kitaitwa "mtoto" au "mfanyakazi".

Chenji ni mlango mwingine. Mtu analipa kwa noti ya 50,000, kondakta anaandika baki mgongoni mwa tiketi, mtu anashuka amesahau. Mpe kondakta chenji ya kuanzia, noti za 1,000, 2,000 na 5,000, na uisainishe.

Msimamizi_Kaskazini
Asanteni sana. Je, mashine ya kuchapa tiketi na malipo ya simu vitamaliza haya?

Mizigo_na_Nauli
Vitapunguza. Malipo yaende kwenye namba ya biashara ya kampuni, kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel, yasiende kwenye laini ya kondakta. Ujumbe alionao abiria usiaminiwe: wa uongo hutumwa kutoka namba ya kawaida ukiwa na maneno yale yale. Anayethibitisha ni mtu wa ofisini anayeona akaunti.

Mashine inachapa saa na mahali, hilo ndilo faida yake kubwa. Ila betri ikiisha njiani kondakta anarudi kwenye kitabu, na betri zina tabia ya "kuisha" siku za sikukuu. Kitabu cha akiba kiwe na namba za mfululizo, kifungwe kwenye bahasha yenye sahihi, na kila kinapofunguliwa kondakta apige simu ofisini ataje saa na tiketi ya mwisho ya mashine. Karatasi ya joto, ile ya mashine inayochapwa bila wino, nayo hufifia ikikaa juani kwenye dashibodi, kwa hiyo hesabu ya jioni itoke kwenye kumbukumbu ya mashine, si kwenye vipande vya karatasi.