Halmashauri imempa shangazi £10 tu ya gharama za ulemavu. Tunaweza kudai zaidi?

Mpwa wa Coventry
Habari za humu wakuu. Shangazi ana miaka 79, anaishi peke yake hapa Uingereza, kiharusi kimemlegeza upande mmoja. Wahudumu huja asubuhi na jioni. Anapata pensheni, Pension Credit (nyongeza ya serikali kwa wazee wa kipato kidogo) na Attendance Allowance (posho ya wazee wenye ulemavu) ya kiwango cha juu. Halmashauri imepiga hesabu, inataka achangie £74 kwa wiki. Kwenye karatasi kuna mstari mmoja: "DRE £10", yaani gharama za ulemavu wanazozitoa kwenye kipato chake kabla ya kupanga mchango. Kwa simu wanasema kila mtu anapata hiyo hiyo. Ni kweli?

Mizani
Si kweli. Hiyo £10 ni njia ya mkato ya kupunguza makaratasi, si kikomo. Kwa England, mwongozo wa sheria ya Care Act 2014, kiambatisho C, unasema halmashauri ikiingiza posho ya ulemavu kwenye kipato, imwachie mtu kiasi cha kutosha kulipia mahitaji ya ulemavu ambayo yenyewe haiyagharamii. Wameihesabu Attendance Allowance yake, basi na matumizi yake wayahesabu.

Kodi ya nyumba na kodi ya halmashauri hutolewa pembeni, msizichanganye na DRE. Mnachodai ni kile *kinachozidi* kwa sababu ya ulemavu. Mfano wa joto: bili ya mwaka £2,340, wastani wa nyumba kama yake £1,560, tofauti £780, gawanya kwa 52, ni £15 kwa wiki. Ufuaji vivyo hivyo: anafua mara 7 kwa wiki badala ya 3, hesabu zile 4. Bei ya kifaa hugawanywa kwa wiki kinazotarajiwa kudumu. Kitanda cha £1,500 kikikadiriwa wiki 500 ni £3.

Angalizo ambalo wengi hulikosa: mchango hauwezi kuzidi gharama ya huduma yenyewe. Kama hesabu inaonyesha ana uwezo wa kulipa £110 lakini huduma ni £74, basi £36 za kwanza za DRE hazitapunguza hata senti. Ombeni karatasi kamili ya hesabu kabla ya kuanza kubishana.

Bi Risiti
Nyongeza kwenye ushahidi, maana hapo ndipo madai mengi hufia. Karatasi ya kwanza si risiti, ni mpango wa huduma. Kama haujaandika kwamba hawezi kusafisha nyumba au kwamba hulowesha shuka usiku, ofisa wa fedha atauliza "mbona mwenzetu wa ustawi hakuliona?" Mwombeni ofisa ustawi wa jamii aongeze sentensi hizo kwanza. Hata hivyo, jambo kukosekana kwenye mpango si sababu tosha ya kulikataa.

Pedi za watu wazima hukataliwa sana, kwa kuwa NHS, huduma ya afya ya serikali, huzitoa bure. Zikiwa hazitoshi au zinamletea vipele, pata barua ya muuguzi inayosema hivyo. Teksi ya hospitali: wataelekeza kwenye usafiri wa wagonjwa; onyesha kwa nini haumfai. Ila wasiseme "tumia posho ya usafiri", kwa sababu Attendance Allowance haina sehemu ya usafiri kama PIP, posho ya wenye ulemavu wanaoomba kabla ya umri wa pensheni.

Mpwa wa Coventry
Asanteni sana. Mama wa usafi analipwa taslimu, £32 kwa wiki. Na chakula? Anakula vya nyumbani, unga na samaki wa duka la Waafrika, ghali kweli.

Bi Risiti
Unga wa dona ni chakula, ndugu yangu, si ulemavu. Kinachokubalika ni lishe maalumu, tena ile tofauti ya bei tu, kwa mfano unga wa kufanya vinywaji viwe vizito kwa mwenye shida ya kumeza, kama daktari hakiandiki bure. Usafi unakubalika, lakini taslimu bila karatasi ni upepo. Kuanzia wiki hii lipeni kwa benki, au daftari lisainiwe kila malipo: tarehe, saa, kiasi. Malipo kwa ndugu anayeishi nyumba moja naye kwa kawaida hawayakubali.

Mizani
Utaratibu: andikeni barua au imeili, si simu, mkiomba hesabu ipitiwe upya. Kila gharama na mstari wake: kitu, kwa nini ulemavu unakisababisha, kiasi kwa wiki, ushahidi. Ombeni ianzie tarehe mchango ulipoanza kutozwa. Wakikataa, watoe sababu kwa kila kipengele. "Sera yetu ni £10" si sababu. Kisha malalamiko rasmi, halafu Local Government and Social Care Ombudsman (mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri), bure, ndani ya miezi 12 tangu mlipojua tatizo. Wakati huo endeleeni kulipa kile msichokibishia, deni lisirundikane.

Kwa wasomaji wa Scotland na Wales: kanuni zenu ni tofauti, msinakili hesabu hii.