Nasri anaanza kula: gumzo la kikundi cha UKOO WA BIBI MWANTUMU, MUHEZA

*Jumanne*

Shangazi Mwanaidi 06:41 Asalaam aleykum wanafamilia. Nasri wa Hamisi anatimiza miezi sita keshokutwa Alhamisi in shaa Allah. Jumapili tunakwenda Mbagala kumuanzisha chakula. Mchango elfu tano tano, namba ileile. Nitanunua vya unga wa lishe: mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga na dagaa. Nitasagisha mwenyewe.

Shangazi Mwanaidi 06:42 Nataka jibu la kila mtu kabla ya adhuhuri. Sio mnasoma mnanyamaza.

Ba'mdogo Rashidi 09:20 Waaleykum salaam dada. Aina nane? Mtoto anaanza kula au anafungua duka la nafaka 😂

Juma Muscat 09:26 😂😂😂

Shangazi Mwanaidi 09:27 Rashidi umetuma elfu tano?

Ba'mdogo Rashidi 09:31 Mtandao unasumbua dada

Shangazi Mwanaidi 09:31 Wa kucheka hausumbui.

Hamisi 11:02 Shikamooni. Niko kazini, nasoma.

Shangazi Mwanaidi 11:03 Marahaba. Mkeo yuko wapi? Zuhura mwanangu, ni mtoto wako tunayemzungumzia.

Salma 13:05 Shikamoo shangazi. Ndiyo kwanza natoka zamu kliniki. Huo unga wa mchanganyiko naomba tusiununue. Nafaka moja inatosha, ulezi au mahindi, na karanga au kunde kidogo. Ukichanganya nafaka tano umempa wanga uleule mara tano, na akiharisha hujui kilichomkwaza ni kipi.

Shangazi Mwanaidi 13:09 Marahaba. Kliniki hiyohiyo ndiyo ilitufundisha kuchanganya.

Salma 13:15 Zamani shangazi. Sasa hivi tunawaambia wamama waache. Na karanga tusinunue zilizosagwa, hujui zimelala wapi. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa kupika. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi ya ghalani mwao wenyewe. Nunua nzima, toa zilizosinyaa na zenye ukungu, kaanga, saga nyumbani. Na asipewe nzima kamwe, zinapalia.

Juma Muscat 13:40 Mimi natuma tende. Kuna mtu anakuja Dar wiki ijayo

Ba'mdogo Rashidi 13:44 Nami nitaleta asali ya Handeni, ya nyuki wadogo. Kidole kimoja tu ulimini, mtoto anakuwa na sauti ya muadhini

Salma 13:46 Asali HAPANA mpaka atimize mwaka. Hata tone. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo sisi havitufanyi kitu, ila mtoto vinamlegeza misuli mpaka ya kupumulia. Tende ale mama yake, ndiye anayenyonyesha.

Ba'mdogo Rashidi 13:48 Basi mpeni bada na mchuzi wa papa, ajue kwao Tanga

Juma Muscat 13:49 Na pilipili ya kuwasha kidogo

Amina 13:50 🤣🤣 ba'mdogo jamani

Salma 13:58 Niwaambie nilivyomaliza naenda kulala. Chakula chake kipo humohumo jikoni kwao. Boga, viazi lishe, ndizi, parachichi, unaponda kwa uma na kulainisha kwa maziwa ya mama. Yai liive kabisa. Ini la kuku wakilipata wasiliache, maana madini ya chuma aliyozaliwa nayo umri huu yanakwisha na ziwa peke yake halifidii. Dagaa toa vichwa, osha mpaka mchanga uishe, anika, twanga, chekecha, kijiko cha chai kwenye uji. Chumvi na sukari hana haja nazo, na chai asipewe, inazuia hayo madini. Uji uwe wa kukaa kwenye kijiko, ule wa kumiminika unamjaza maji tu. Aanze vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, na ziwa liendelee. Hamisi, na kliniki ampeleke, ana matone ya vitamini A mwezi huu.

Hamisi 14:01 Sawa dada

Shangazi Mwanaidi 14:20 Kuponda kwa uma mtoto atapaliwa. Inatakiwa blenda. Na blenda yangu ilikwenda kwenye harusi ya Amina, mpaka leo.

Amina 14:22 Shangazi ilirudi!!

Shangazi Mwanaidi 14:22 Ilirudi jagi. Kifuniko kiko wapi?

Amina 14:24 Kifuniko muulize ba'mdogo, ndiye aliyekuwa anatengeneza juisi ya ukwaju

Ba'mdogo Rashidi 14:26 Mimi naondoka kwenye hiki kikundi

Juma Muscat 14:27 Usiondoke bila elfu tano 😂

Salma 14:31 Haihitaji blenda. Boga likiiva vizuri linapondeka kwa mwiko.

Shangazi Mwanaidi 14:35 Salma kila ninachosema mimi hakihitajiki. Nyie wote mmelelewa na mikono hii. Uji wangu mmeunywa na miezi mitatu, miezi minne. Nani alikufa?

Salma 14:36 Shangazi naomba usiniulize mimi hilo swali.

Salma 14:36 Nani alikaa na Idi usiku ule Korogwe? Nani alis

Salma 14:37 *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Mwanaidi 14:37 Nimeusoma.

Ba'mdogo Rashidi 15:10 Jamani Yanga leo saa ngapi

Mwajuma 20:10 Asalaam aleykum. Bibi nimemsomea yote kuanzia asubuhi. Anasema niandike kama anavyosema yeye, nisipunguze.

Mwajuma 20:16 "Mwanaidi. Nimezaa tisa, nimezika wawili kabla hawajaota meno. Wote wawili tuliwanywesha uji wachanga kwa sababu walilia usiku, mama mkwe akasema ziwa halitoshi. Kama ulikuwa uji au yalikuwa maji ya mtoni, Mungu ndiye ajuaye. Ila kijiko nilikishika mimi. Salma amesomea, akisema miezi sita ni miezi sita. Nendeni na ulezi. Kimea natoa mimi, nimeshauotesha ulezi na kuuanika. Uji mzito ukipoa kidogo unatia kijiko kimoja cha unga wa kimea, unakoroga, unalainika bila kuongeza maji, unaurudisha motoni uchemke. Hiyo wamama wa sasa hawaijui. Na Jumapili mtakwenda mkiitwa na mama mtoto."

Shangazi Mwanaidi 20:31 Nimekusikia mama.

Juma Muscat 21:50 Wawili? Mimi nilijua mmoja

Mwajuma 21:52 Bibi ameshalala kaka

*Jumatano*

Shangazi Mwanaidi 07:05 Ulezi kilo tano basi. Waliotuma ni Hamisi, Amina na Juma. Rashidi bado.

Salma 12:40 Kilo moja tu shangazi. Unga ukikaa sana unaharibika. Hata kimea wasage kidogo kidogo. 🙏🏾

Shangazi Mwanaidi 12:44 Moja. Haya.

Shangazi Mwanaidi 12:52 Salma, Idi mwaka huu yuko darasa la ngapi?

Salma 18:20 La sita shangazi. Anakusalimia.

*Ijumaa*

Zuhura 10:15 Asalaam aleykum. Shikamoo shangazi, shikamooni wote. Mniwie radhi sikuwa na bando. Nimesoma yote, ya bibi nimeyasoma mara mbili. Nasri nimemuanza jana asubuhi, boga na maziwa yangu. Vijiko viwili, kimoja akakirudisha kwenye nguo ya baba yake.

Ba'mdogo Rashidi 10:17 Huyo ni wa kwetu 😂😂

Shangazi Mwanaidi 10:18 Marahaba. Umemuanza bila kutuambia?

Zuhura 10:24 Hamisi alisema atawaambia

Hamisi 10:40 Nilijua Zuhura ameshasema

Salma 10:52 Vizuri sana wifi. Akirudisha usiogope wala usimlazimishe, ulimi wake ndio unajifunza. Leo mpe hilohilo tena. Na kesho yai.

Zuhura 10:58 Asante wifi. Kimea cha bibi kinakuja na nani?

Mwajuma 11:03 Kiko tayari ila basi la leo limeshaondoka

Shangazi Mwanaidi 11:05 Rashidi si unakuja Dar kesho? Pita kwa mama uchukue.

Ba'mdogo Rashidi 11:30 Inategemea. Kama gari litapona

Shangazi Mwanaidi 11:31 Zuhura mwanangu, sasa Jumapili umetuita au hujatuita? Nataka kujua nipike.

Zuhura 13:20 Karibuni shangazi, ila Jumapili nipo peke yangu, Hamisi ana zamu. Labda inayofuata? Au mje wachache

Shangazi Mwanaidi 13:21 Wachache ni wangapi

Hamisi 14:00 Tutaongea jioni

Mama Mkubwa Asha 22:47 Waaleykum salaam. Naona ujumbe sasa hivi, simu ilikuwa kwa fundi. Elfu tano natuma. Nasri anatimiza lini?