Linki inafungua brauza badala ya apu na simu haisemi kosa ni nini, NIMECHOKA

Wakuu mtanisamehe, leo sina salamu. Hii ni siku ya kumi na moja nahangaika na linki. Si mfumo wa malipo, si akili bandia, ni linki. Mtu anapata imeili ina kitufe cha "Ingia", anagusa, apu inatakiwa ifunguke na imtambue, basi. Kwenye simu yangu inafunguka. Kwa kijana wetu wa kutesti inafunguka. Tumepandisha Play Store, watu wakashusha, wanagusa, inafunguka brauza na ukurasa mweupe. Na hakuna kosa. Wa nyuma kule mnanisikia? HAKUNA KOSA. Hakuna maandishi mekundu, apu haijaanguka, logi safi kama sakafu iliyotoka kudekiwa. Ningepigwa eksepsheni ya mistari mia mbili ningeshukuru, ningejua pa kuanzia. Hii kitu imenuna tu.

Naandika yote niliyopitia ili anayekuja kuniuliza "umeangalia manifesti?" (lile faili ambamo apu ya Android inajitangaza kwa simu) ajue nimeiangalia mpaka naiota.

Kwa wasiojua, kuna linki za aina mbili hapa. Kuna skimu yako mwenyewe (sio ya umwagiliaji), kitu kama apuyetu://ingia, unaitangaza kwenye apu na simu inajua pa kupeleka. Halafu kuna linki za kawaida za https ambazo mfumo unathibitisha kwamba domeni na apu ni za mwenyewe mmoja. Sisi tumetumia za pili kwa sababu ndizo salama, na ndizo zilizonitoa roho.

Android wana hii kitu tangu 6.0, ya 2015. Unaweka autoVerify="true" kwenye intent-filter (sehemu ya manifesti inayosema apu inapokea linki zipi), unaweka faili la assetlinks.json kwenye domeni ndani ya /.well-known/, na ndani ya faili unaandika jina la paketi na alama ya SHA-256 (namba ndefu kama alama ya kidole) ya cheti kilichosaini apu. Apu ikishainstoliwa, simu inaenda kulisoma lile faili, vikilingana linki ni zako. Visipolingana, zamani mtumiaji alikuwa anaulizwa afungue na nini, anachagua apu, maisha yanaendelea. Kuanzia Android 12 hata hilo swali halipo, uthibitisho ukifeli linki inaenda brauza moja kwa moja bila kumwambia mtu yeyote chochote.

Sasa alama niliyoweka mimi ni ya ufunguo wangu, ule ninaosainia kabla ya kupandisha. Kumbe ukishapandisha, apu inasainiwa upya kwa ufunguo unaokaa Google, na apu mpya zote tangu Agosti 2021 ndivyo zinavyoenda kwa sababu lazima upandishe App Bundle (furushi ambalo Google ndio wanalitengenezea apu yenyewe). Kwa hiyo simu yangu iliyoinstoli kwa kebo ina saini yangu, inalingana. Simu za watu walioshusha stoo zina saini nyingine, hailingani. Siku nne wakuu!! Siku nne nasema "mbona kwangu inafanya kazi" kama mwendawazimu, na alama yenyewe imekaa Play Console kwenye ukurasa wa saini ya apu, unaikopi unaiweka kwenye faili pamoja na ile yako maana faili linapokea zaidi ya moja. Dakika mbili.

Nikaweka. Bado.

Ndipo nikakumbuka kwamba kuna amri ya kuiuliza simu yenyewe, unaipiga kwenye kompyuta kupitia adb (programu ya kuiamuru simu ya Android):

adb shell pm get-app-links jina.la.paketi

Inarudisha orodha ya domeni na hali ya kila moja. Ikiwa poa inaandika verified. Ya kwetu iliandika 1024. Ndio hivyo tu, 1024, kama namba ya foleni. Nikaenda kwenye nyaraka, naambiwa kuanzia 1024 kwenda juu ni kosa la mthibitishaji wa kwenye simu husika, hakikisha una mtandao kisha ujaribu tena. Mtandao! Nimekaa kwenye mtandao ndio nasoma hayo maelezo.

Nikapiga curl -I (amri ya kuona seva inajibu nini) kwenye lile faili. Mstari wa kwanza kabisa, HTTP/2 301, yaani "kimehamia kwingine". Mstari mwingine chini, location: https://www na domeni yetu. Jamaa wa seva, nawaheshimu sana, waliweka ridairekti ya kupeleka kila kitu kwenye www. Ukilifungua faili kwa brauza unaliona zuri tu maana brauza inafuata ridairekti, na ndio maana kila nikiwaandikia wananijibu kwa skrinshoti, "mbona lipo". Lipo ndio, ila mthibitishaji wa Android hafuati, akikuta 301 au 302 anageuza anaondoka zake. Nimepigwa danadana siku mbili, tiketi imepita kwa watu watatu, kwa ajili ya mstari mmoja kwenye konfigi. Baada ya hapo nikairudisha simu ikathibitishe upya kwa pm verify-app-links --re-verify, ikatoka verified, nikapiga kelele usiku wa manane mpaka nikajionea aibu.

Haya, iPhone.

Kule faili la uthibitisho linaitwa apple-app-site-association na HALINA .json mwishoni. Kuna msamaria mwema kwenye timu aliliona, akaona limekosewa jina, akaliongezea .json bila kumwambia mtu. Sitamtaja, anajijua, yumo humu. Hilo lilikuwa asubuhi moja tu. Kilichonimaliza ni kashe, yaani nakala za zamani zilizohifadhiwa. Tangu iOS 14 simu haiji kwenye seva yako kuchukua hilo faili, inachukua nakala kwenye seva za kati za Apple, hizo ndizo zinakuja kwako ndani ya saa 24, na simu yenye apu inarudi kuchungulia mabadiliko kama mara moja kwa wiki hivi. Sasa fikiria umekosea Jumatatu, umerekebisha Jumatatu hiyohiyo, Alhamisi unatesti bado unaliona kosa la Jumatatu, unaanza kubadilisha vitu ambavyo vilikuwa sawa. Nimebadilisha vitu vingi ambavyo vilikuwa sawa.

Anayepita njia hii afungue kwanza app-site-association.cdn-apple.com/a/v1/ halafu amalizie na domeni yake, aone nakala waliyonayo wao. Sisi hatukuwa na nakala yoyote, kwa sababu ukuta wa moto (firewall) wa hao hao jamaa wa seva uliiona roboti ya Apple inayokuja kuchukua faili ukaifungia mlango. Na ukiwa bado unajenga weka ?mode=developer mwishoni mwa domeni kwenye entitlements (orodha ya ruhusa za apu ya iPhone), washa na ile swichi ya domeni kwenye mipangilio ya developa ya simu, inaruka seva za kati inakuja kwako moja kwa moja. Nimeijua siku ya tisa.

Wakati huo huo bosi anatesti. Ananipigia, "haifanyi kazi." Namuuliza umefanyaje bosi, anasema "nimekopi linki nimeipesti pale juu kwenye Safari nimebonyeza nenda." BOSI. Ukiiandika kwenye sehemu ya anwani haifungui apu, haijawahi kufungua, imetengenezwa hivyo makusudi, mfumo unachukulia mtu aliyeandika anwani kwenye brauza anataka brauza. Chrome nao hivyo hivyo. Mpaka uiguse kama linki. Mimi natumia Notes, napesti linki pale, nabonyeza na kushikilia, kwenye ile menyu nikiona jina la apu yetu najua simu imekubali, nisipoliona najua bado. Nikamwambia afanye hivyo. Akasema atafanya akipata nafasi.

Tunafikia kitu kilichonifanya nifungue huu uzi. Notes inafungua. Meseji inafungua. Imeili HAIFUNGUI. Linki ile ile, simu ile ile, dakika ile ile. Nimekaa nayo mchana mzima, nikaja kushikilia kidole kwenye kile kitufe ndani ya imeili nione anwani kamili, na anwani sio yetu. Ni domeni ya watu wengine kabisa ikifuatiwa na herufi mia na kitu za fujo. Kumbe kampuni inayotutumia imeili inazifunga linki zote kwenye linki zao ili wahesabu nani kagusa, ukigusa unaenda kwanza kwao halafu wanakuelekeza kwetu. Sasa simu inaangalia domeni uliyogusa, sio ile unayokuja kuangukia, na domeni uliyogusa haina faili la kusema apu yetu ni ya kwake, kwa hiyo brauza. Ukishaingia brauza ndio imetoka hiyo.

Swichi ya kuzima huo ufuatiliaji ipo. Watu wa masoko wanakataa isizimwe, wanataka takwimu zao za nani kabofya. Nimewaambia anabofya halafu HAINGII, mnahesabu watu wanaogonga ukuta. Kimya.

Bosi kaja na suluhisho lake, "si uweke ile skimu ya kawaida tu, apuyetu://". Nimemwambia mara tatu. Kwanza apu nyingi za imeili hazikubali linki ya hivyo iguswe, inakaa pale kama maandishi. Pili, na hili ndilo kubwa, skimu haina mwenyewe. Apu yoyote duniani inaweza kutangaza apuyetu:// kama yetu, na Apple wenyewe wameandika kwamba apu mbili zikitangaza skimu moja hakuna utaratibu wa kujua itapewa ipi. Sisi tunapitisha tokeni ya kuingilia (ufunguo unaomtambulisha mteja) humo! Yaani mtu anaweka apu ya tochi, inatangaza skimu yetu, inapokea funguo za wateja wetu. Sio hadithi ya kutunga hii, PKCE, kinga ya kuingia kwenye apu iliyo kwenye waraka wa viwango RFC 7636 wa 2015, iliandikwa kwa sababu ya wizi wa namna hii hii wa misimbo ya kuingilia. Jibu la bosi: "ila itafunguka?"

Mengine madogo nayamwaga tu, yamsaidie mtu. Ukitesti kwa adb shell am start na linki yako ina alama ya &, shell ya kwenye simu inaikata hapo, apu inapokea nusu ya linki, tokeni haifiki na utadhani ni msimbo wako umeoza. Funga amri yote ndani ya nukuu moja moja na linki ndani ya nukuu mbili mbili. Nimeandika upya kipande kizima cha kusoma vigezo kabla sijagundua hilo, na kile cha zamani kilikuwa kizuri kuliko hiki.

Na kama linki inafanya kazi apu ikiwa imelala nyuma ila ukiiua kabisa inafunguka ukurasa wa nyumbani na kusahau imekuja kufanya nini, kwa iPhone yenye SceneDelegate (sehemu ya msimbo inayosimamia dirisha la apu) angalia willConnectTo, linki inaingilia humo kwenye connectionOptions apu ikiwa inaanza upya, haipiti kwenye ile continue inayopokea linki apu ikiwa tayari hai. Kwa Android ni kinyume chake, wengi wanasoma intent (ujumbe unaobeba linki) kwenye onCreate tu, yaani apu inapoanza, apu ikiwa tayari iko hewani na ni singleTask (haifungui nakala ya pili) linki inaingilia onNewIntent, usipoishika hapo imepotea. Kimya pia, bila shaka.

Halafu kuna hizi apu za mitandao ya kijamii zenye brauza zao za tumboni, mtu akigusa linki anabaki humo humo tumboni. Hizo sizigusi leo, nina presha.

Naomba mniambie vitu viwili. Kuna mtu amefanikiwa kuweka ufuatiliaji wa kubofya kwenye domeni ndogo ya kwake mwenyewe na faili la uthibitisho likakaa pale na IKAFANYA KAZI kwa simu zote mbili? Hao wa imeili wanasema inawezekana, ila ndio hao hao walioniambia tatizo ni simu yangu. Na pili, ukuta wa moto mnauambiaje uiache roboti ya Apple ipite bila kufungua geti kwa kila mtu?

Wa kuniambia nitumie huduma ya linki ya bure ya Google, Firebase Dynamic Links ilifungwa tarehe 25 Agosti 2025, ndio tulikotoka sisi.

APDETI saa nne usiku: masoko wamekubali kuzima ufuatiliaji kwa imeili ya kuingia TU. Nimejitumia, nimegusa, apu imefunguka, imenitambua, kwa simu zote mbili. Nimeiua nikarudia mara sita. Yale maswali mawili bado nayahitaji kwa imeili nyingine.

APDETI saa nne na robo: bosi kanitumia skrinshoti, ukurasa mweupe, "bado haifanyi kazi". Nimeikuza hiyo skrinshoti. Kaipesti pale juu kwenye Safari.