Wanajamvi, niendelee na piano au niache?

Kijana wa Langoni:
Assalaam aleikum. Niko Lamu, nina miaka 34, na huu ni mwaka wa 5 najifunza piano peke yangu usiku, nikishafunga duka. Wiki mbili zilizopita nilipiga mbele ya watu, mzee mmoja akanambia neno. Tangu siku hiyo nikiikalia mikono inakuwa mizito. Mtu wa umri wangu aendelee, au akubali kwamba si fungu lake?

Mama Kwaya MLD:
Usiache! Mimi niko Malindi, nimeanza kupigia kwaya nikiwa na miaka 40. Mwaka wa kwanza mwalimu alinambia, "Mama, mguu wako unapiga kuliko mikono." Nililia njia nzima. Kumbe kweli: kila nikibabaika nilikanyaga pedali, nyuzi zikaachwa zinavuma, sauti zinarundikana na makosa yangu yanajificha humo. Alinikalisha mwezi mzima miguu iko chini ya kiti. Nilimchukia sana! Pasaka ile bibi wa benchi la mbele akanambia leo ndiyo amesikia maneno ya wimbo. Na mwalimu huyo ndiye aliyenikutanisha na mume wangu, ila hayo ya siku nyingine.

Msomi wa Mkomani:
Ndugu yangu, Maulidi yetu yana matwari na sauti za watu, yanatosha. Usiku upe Qur'ani, utaona mikono inavyokuwa myepesi.

Baharia Kale:
Neno gani hilo? Umebandika chungu, moto hujawasha.

Kijana wa Langoni:
Sikutaka kulitaja kwa sababu mzee mwenyewe ni mkwe wangu. Anapiga udi tangu sijazaliwa. Nilimpigia wimbo anaoupenda, nimeufanyia kazi miezi minne. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe, akasema: "Mwanangu, kila ukifika mlangoni wapita. Huingii." Baraza zima lilisikia. Mke wangu aliinama.

Fundi Bayati:
Subiri kidogo. Wimbo huo uko kwenye maqamu gani, yaani ngazi gani ya sauti za Kiarabu? Na "mlangoni" ni mahali pale pale kila mara?

Pwani Mkweli:
Wakuu, hii ni chai. Nimeishi Lamu miaka 8. Piano ni kabati la mbao na chuma, lipite vichochoro vya Langoni juu ya punda yupi? Na kwa chumvi ile, nyuzi zingeshika kutu kusi haijaisha.

Baharia Kale:
Namuonea huruma punda.

Kijana wa Langoni:
Wallahi si chai. Ni ya umeme, haina nyuzi, ila vitufe ni 88 kama ya mbao. Ilivuka kutoka Mokowe imeviringishwa blanketi, mahamali wawili wakaileta mpaka mlangoni. Picha siwezi kuweka, imeshafungwa.

Pwani Mkweli:
Imefungwa kwa nini?

Kijana wa Langoni:
Nimeshapokea arubuni, shilingi 10,000. Mnunuzi yuko Malindi, anakuja Jumamosi. Msinihukumu. Ada ya mtoto iko karibu, na chombo kisichopigwa hewa ya bahari inakila bure.

Mama Kwaya MLD:
Sasa ushauri uliutaka wa nini, mwanangu?

Fundi Bayati:
Swali langu hujanijibu.

Kijana wa Langoni:
Maqamu yake ni Bayati, inaanzia Re. Na ndiyo, ni pale pale kila mara.

Fundi Bayati:
Basi nisikilize. Sauti ya pili ya Bayati hiyo haimo kwenye vitufe vyako. Inakaa katikati ya kitufe cheusi cha Mi bemoli na cheupe cha Mi. Mpiga udi anaiokota kwa kidole tu, kwa kuwa shingo ya udi haina vigawanyo, na fidla ni hivyo hivyo. Wewe ukifika hapo unagonga chini yake au juu yake, miezi minne yote! Mzee hakusema hujui kupiga. Mimi napiga kinanda kwenye taarab, na vinanda vingine vina mahali pa kurekebisha sauti moja moja. Fungua blanketi utazame. Mi ishushe robo toni.

Mama Kwaya MLD:
Na mkwe wako amekaa akasikiliza mpaka akajua ni wapi. Wangu hata jina la wimbo hajui.

Kijana wa Langoni:
Ipo. Iko ndani kabisa ya orodha, sikuwahi kufika huko. Nimeishusha robo, nikapiga pale pekee, polepole, mara tatu. Mke wangu ametoka jikoni na mwiko mkononi, hajasema kitu, amekaa.

Pwani Mkweli:
Na arubuni ya watu?

Kijana wa Langoni:
Imebaki 6,000, nyingine nimenunulia vitabu vya mtoto. Mnunuzi ameshalipa nauli ya basi. Jamani, mtu huyu nampigia simu nimwambie nini?