Nimemaliza mafunzo kazini ya serikali, ofisi wanataka nibaki nijitolee. Nibaki au niondoke?

BintiNansio

Habari za jioni wakuu. Wakubwa wangu shikamooni.

Nimemaliza juzi mafunzo ya uzoefu kazini, yale ya wahitimu yanayoratibiwa na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Nilipangiwa sehemu ya uvuvi kwenye halmashauri moja huku kwetu Kanda ya Ziwa, naomba nisiitaje. Nilisoma ukuzaji viumbe maji SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), nyumbani ni Ukerewe, kwa sasa nimepanga chumba Pasiansi hapa Mwanza.

Kazi yangu kubwa ilikuwa takwimu za mialo, yaani fukwe ambako wavuvi wanashushia samaki. Alfajiri nipo ufukweni, mitumbwi ya dagaa inaingia, naandika: chombo cha injini au cha kasia, wavuvi wangapi, wavu gani, taa ngapi, wameshusha ndoo ngapi, ndoo inauzwaje leo. Asiyezoea mwaloni akisikia ndoo anadhani ni kipimo kimoja. Kuna ndoo iliyofutwa ikawa sawa na mdomo, na kuna ndoo iliyojazwa mpaka dagaa wanamwagika pembeni, na zote kwenye fomu zinaandikwa ndoo moja. Nikaazima mzani wa kuning'iniza kwa mama mmoja anayeuza sato, nikawa napima ndoo kwenye kila mtumbwi niliouchukua kama sampuli, naandika kilo. Mwanzoni wavuvi walinikwepa, wakijua mtu mwenye daftari ni wa ushuru. Baadaye wakawa wananiita wenyewe nipime, maana mnunuzi akileta ubishi wa ndoo wanamwonyesha daftari langu.

Kuna wakati fomu zangu zilikuwa na sifuri siku kadhaa zikifuatana. Ofisini nikaulizwa kama kweli nilikwenda mwaloni. Nilikwenda, ila ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwakusanyi dagaa, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu na kulala. Tangu siku hiyo nikaanza kuandika hali ya mwezi pembeni ya kila tarehe. Katibu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) wa mwalo mmoja alipoiona hiyo safu ya pembeni akaniomba nimwonyeshe na miezi iliyopita, akawa anawapigia simu akina mama waanikaji kuwaambia giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, linaanza lini na bei ya mwanzo wa giza huwa inaangukia wapi. Wakuu, sijawahi kujisikia nina maana kazini kama nilipoona mtu anapanga shughuli zake kwa kutumia mistari niliyoiandika mimi.

Sasa muda umekwisha na posho ya laki na nusu imekwisha nayo. Cheti nimepata. Barua ya ofisi nimepewa pia, ina mistari miwili: kwamba nilikuwepo na nina nidhamu. Bosi wangu, ambaye kwa kweli amenilea vizuri, ananiambia niendelee kuja nijitolee, nafasi zikitoka nitakuwa karibu. Hakuna nauli wala posho. Mwenye nyumba anachukua kodi ya miezi mitatu mitatu na zamu yangu imekaribia. Mama yangu analima muhogo, mdogo wangu yuko kidato cha tatu, na mimi ndiye niliyesomeshwa.

Kuna mfugaji wa sato kwenye vizimba vya nyavu ziwani ameniita, anataka mtu wa kusimamia ulishaji na kumbukumbu, mkataba wa miezi sita. Mshahara si mkubwa ila upo.

Kinachoninyima usingizi ni lile daftari. Afisa uvuvi tuliyekuwa naye ni mmoja kwa mialo yote ile, hawezi kuwa kila ufukwe kila alfajiri. Nikiondoka, ile kazi inakatika, halafu mwakani analetwa mhitimu mwingine anaanza upya na fomu tupu.

Waliopitia hali hii mlifanyaje? Naomba majibu ya kazi. "Pambana dada" nimeshaambiwa na wengi.

Mzee_wa_Igoma

Marahaba binti. Nimestaafu utumishi wa umma, nimekaa serikali za mitaa karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nisikilize kwa hili.

Kauli ya "utakuwa karibu" inasemwa kwa nia njema, lakini bosi wako hana mamlaka ya kukuajiri. Nafasi ya Afisa Uvuvi Daraja la II inatokana na kibali, inatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kama wengine, unapita kwenye mchujo na mahojiano. Unaweza kukaa hapo mwaka mzima unafagia na kuandika, tangazo likatoka, akapangiwa mtu kutoka Songea ambaye hajawahi kuona mtumbwi wa dagaa. Hajakudhulumu, utaratibu ndivyo ulivyo.

Jambo lililonishtua ni hiyo barua ya mistari miwili. Hiyo usiikubali. Nenda wiki hii, wakati wanaokufahamu bado wako kwenye viti vyao. Watumishi wanahamishwa. Ukirudi baada ya mwaka utamkuta mkuu wa divisheni mgeni ambaye hawezi kuweka sahihi kwa mtu asiyemjua.

Na usiende kuomba tu "barua nzuri". Andika rasimu mwenyewe, umpelekee bosi wako, umwombe aipitie. Iseme ulikuwa mialo gani, ulikusanya takwimu za nini, kwa njia gani, nani alizitumia. Hilo la kupima kilo badala ya kuhesabu ndoo liwe na aya yake. Hilo la mwezi nalo liingie. Mkubwa mwenye kazi nyingi akiletewa rasimu iliyonyooka anasahihisha neno mbili tatu anasaini. Akiletewa ombi la mdomo anamwagiza karani, karani anakutolea ile ile ya nidhamu.

Chuma_cha_Buzuruga

Mimi nilibaki, dada, niseme upande wangu.

Nilikaa kama wewe kwenye ofisi ya umma baada ya mafunzo, nikajitolea. Asubuhi nafika ofisini, jioni nawafundisha watoto wa jirani hesabu ndipo napata hela ya kula. Sasa nimeajiriwa, mkoa mwingine kabisa na ofisi nyingine. Kujitolea kulinisaidia? Kwenye mchujo hapana, maana ile ni karatasi ya maswali na haijui ulikuwa wapi. Kwenye mahojiano kulinisaidia sana. Waliniuliza ningefanyaje mwananchi akikataa kutoa taarifa, wenzangu wakajibu kwa vitabu, mimi nikajibu kwa mtu niliyemkuta. Lakini wewe kisa hicho tayari unacho! Hao wavuvi waliokudhania wa ushuru ni jibu kamili. Huhitaji tena mwaka wa pili wa njaa ili ukipate.

Kama moyo unakutuma ubaki, basi dai barua ya kukubaliwa yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Usikubali "njoo tu". Bila barua, ukiumia mwaloni hakuna anayekujua.

Na kuhusu akaunti yako ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, iangalie leo, usisubiri tangazo. Hakikisha jina kwenye namba ya NIDA linafanana na la kwenye vyeti, ukiwa na tofauti andaa kiapo mapema. Weka cheti chenyewe na transkripti, maana matangazo yao yanakataa wazi matokeo ya muda na zile hati za matokeo za kidato cha nne na sita. Usaili wa kada nyingi siku hizi unafanyika mikoani, kwa hiyo ukiwa kwenye vizimba Mwanza bado utaomba ruhusa ya siku moja ukafanye mtihani. Kuchukua kazi binafsi hakukufungii mlango wa serikali.

MamaMwaloni

Mwanangu mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, naandika kwa msaada wa kijana wangu.

Unavyosema daftari, wengine wataona ni karatasi. Mimi nakwambia hizo habari tunazitafuta kwa nauli. Ninanunua kwa waanikaji wa visiwani na wa huku pembeni, nauza kwa Wakongo na kwa watu wa Dar. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa mchangani, umeumia. Wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, mzigo niliotegemea uliwe na binadamu unakwenda kuwa chakula cha kuku, na bei ya dagaa wa kuku unaijua. Aliyeanika kwenye chanja, ile meza ya nyavu iliyoinuliwa, anafunika turubai, mzigo wake unapona na mchanga hamna, mnunuzi akitafuna mmoja anacheka. Sasa nikijua giza linaanza lini na mwalo gani umeshusha wengi, najua nipeleke hela wapi kabla ya wenzangu.

Huyo katibu wa BMU aliyeona faida yake, mfundishe yeye. Siyo lazima uwe wewe unayesimama ufukweni. Na kama kuna mabinti wanaoanika pale waliofika hata kidato cha nne, wanaweza kuandika. Wajiunge watano, waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata waulizie mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ile nne ya vijana, hauna riba. Waombe mbao na nyavu za chanja. Mtu mwenye chanja yake hawezi kuacha kuandika bei, kwa sababu ni hela yake.

Usijitese, mwanangu. Kodi ya nyumba hailipwi kwa sifa.

SatoKizimbani

Nipo kwenye vizimba mwaka wa tatu sasa, nikuambie vitu vya kuuliza kabla hujasaini.

Uliza nani ana kipima oksijeni, na kama hakuna, atanunua lini. Oksijeni inashuka zaidi alfajiri, na kuna siku ziwa linajigeuza, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda, unakuta sato wamekuja juu wanahema. Kama wewe ndiye mtu wa kumbukumbu, siku hiyo utaulizwa wewe. Uliza jaketi okozi, usione aibu, kila siku utakuwa kwenye boti. Uliza sampuli ya uzito inachukuliwa kila baada ya muda gani, kwa sababu chakula kinapangwa kwa uzito wa samaki, na chakula ndicho kinachokula hela ya mfugaji kuliko kitu chochote. Mfugaji anayekadiria uzito kwa macho atakulaumu wewe chakula kikiisha mapema.

Halafu mkataba uonyeshe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hatakiwi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo nayo ina asilimia 15 yake kwa aliyeajiriwa, kwa hiyo piga hesabu ya kinachobaki mkononi, usiangalie tarakimu ya juu.

Mtu aliyezoea kupima ndoo za dagaa kwa mzani atatufaa sana huku.

BintiNansio

Wakuu nimesoma kila neno, mengine nimesoma mara mbili. Asanteni sana.

Nimeamua naenda vizimbani. Nilimweleza bosi wangu jana nikiwa nimesimama mlangoni kwake, nilidhani atakasirika. Akanyamaza kidogo, akaniambia hata yeye asingependa binti yake afanye kazi bila nauli, ila hakuwa na kingine cha kunipa. Nikamkabidhi rasimu ya barua kama Mzee alivyoelekeza. Nimeandika majina ya mialo, aina za vyombo na nyavu, jinsi nilivyogeuza ndoo kuwa kilo, na ile safu ya hali ya mwezi. Alipofika hapo kwenye mwezi akachukua kalamu akaongeza mwenyewe kwamba ofisi imeiingiza kwenye fomu yake. Kumbe waliichukua! Mimi sikuambiwa.

Chuma, jina langu la kati kwenye NIDA lina herufi moja tofauti na cheti cha kidato cha nne. Nisingeliona. Jumatatu nakwenda kwa wakili kuapa.

SatoKizimbani, nimempigia mfugaji nikamuuliza kipima oksijeni. Anacho, ila kimeharibika. Nimemwambia kikitengenezwa ndipo nitakuja kusaini, na amekubali.

Mama, shikamoo tena. Wazo lako la mabinti waanikaji nimelipeleka kwa katibu wa BMU jana jioni. Wawili wameshakubali kuandika, mmoja ni mtoto wake mwenyewe. Nitakaa nao giza hili lote linaloanza, kabla sijaripoti kazini, niwaonyeshe kuchukua sampuli bila kuwachagua wenye mitumbwi iliyojaa tu, maana hapo ndipo takwimu nyingi zinapodanganya. Mzani wa kuazima nimeurudisha, kwa hiyo tunatafuta wetu. Kama Mwaloni kuna mtu anauza uliotumika, wa kilo 50 unatosha, naomba umtume kijana wako aniulizie bei nije Jumamosi.

Mzee, barua ikisainiwa nitaipiga picha, nifute majina, niiweke hapa wengine waige mpangilio.