Mwanachuo anapumzishaje kichwa katikati ya muhula?

Mwaka_wa_Pili:
Wadau, naomba mbinu za kupumzika zinazowezekana kweli chuoni. Vipindi asubuhi hadi jioni, kazi za kukusanya kila wiki, chumba cha hosteli tuko wanne, pesa ya kutoka hakuna. Nikipata nusu saa naishia kwenye simu, na nikiiweka chini bado nimechoka. Usiku mwili umelala, kichwa kinapiga hesabu za kesho. "Pumzika tu" nimeambiwa sana. Nataka hatua: dakika ngapi, saa ngapi, na kwa nini mara nyingine haisaidii.

Mdadisi:
Mkuu, kwanza angalia kilichochoka ni nini. Kutwa nzima umekaa, umesoma, umekodolea skrini. Simu inakurudisha kulekule: kukaa, kusoma, skrini. Halafu video fupi hazina ukingo, hakuna mahali zinapokuambia basi. Chagua kitu chenye mwisho wake na kisicho na skrini: kutembea dakika 20, mzunguko mmoja wa drafti, hata kufua. Msicheke, kufua kunahesabika. Mikono ina kazi na kichwa hakina cha kuamua.

Mwendo wa kutembea uwe ule unaoweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Simu ibaki chumbani. Ukienda nayo utasimama njiani kujibu meseji na dakika 20 zimekwisha.

Pumzi_Taratibu:
Chumba cha watu wanne kinataka mbinu isiyo na kelele, na pumzi ndiyo hiyo. Kaa, mkono mmoja tumboni, mwingine kifuani. Vuta kwa pua ukihesabu sekunde 4, toa ukihesabu 6. Hapo unapata pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Mkono wa tumboni ndio uinuke, wa kifuani utulie. Moyo hupunguza kasi wakati wa kutoa pumzi, ndiyo maana kutoa kunapewa muda mrefu kuliko kuvuta.

Wengi huharibu kwa kuvuta pumzi kubwa kwa nguvu. Mara kizunguzungu, mara vidole vinawashawasha, wanadhani dawa inaingia. Hapana: umepumua kupita mahitaji na kaboni dayoksaidi imeshuka mwilini. Vuta kidogo, hesabu ibaki ileile.

Usiku ongeza kukaza na kuachia misuli, mbinu ya daktari wa Marekani Edmund Jacobson ya tangu miaka ya 1920. Lala chali. Kaza nyayo sekunde 5, achia ghafla, tulia sekunde 15 ukisikilizia tofauti. Panda hivyohivyo: mapaja, tumbo, ngumi, mabega, uso. Usikaze kwa nguvu zote, na vidole vya miguu vivute kuelekea kwako. Ukivinyoosha sana mbele, shavu la mguu linaweza kukakamaa na usingizi ukaruka kabisa. Palipo na jeraha, paruke.

Bundi_Mstaafu:
Hizo hesabu za kesho zitoe kichwani kabla hujapanda kitandani. Karatasi, dakika 5, na usiandike "ripoti" peke yake. Andika hatua ya kwanza: "fungua faili, andika aya ya utangulizi." Jambo lisilo na hatua ya kwanza ndilo linalorudi usiku wa manane. Usiliandike kwenye simu, utaingia kuandika utoke na habari za watu.

Usingizi usipokuja kwa kama dakika 20 (kadiria, usichungulie saa), shuka ukae kwenye kiti penye mwanga hafifu, urudi ukisinzia. Kitanda kikizoeleka kuwa pa kuwazia, kitakuwazisha kila usiku.

Kafeini nayo, kile kichangamshi cha kwenye kahawa: kwa watu wengi nusu yake hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi. Uliyokunywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu bado ipo. Chai na vinywaji vya kuongeza nguvu vimo humohumo. Ukilala mchana, weka kengele ya dakika 20, na iwe kabla ya saa tisa alasiri. Ukilala saa nzima unaingia usingizi mzito, unaamka umelewa usingizi.

Mwaka_wa_Pili:
Shukrani wakuu. Pumzi nimeijaribu sasa hivi, kichwa kinazidi kukimbia. Naendelea au naacha?

Pumzi_Taratibu:
Kukimbia ni kawaida mwanzoni. Kikitoroka, kirudishe kwenye namba bila kujigombeza. Ila ukiona kukaa kimya kunakuongezea hofu, acha, tembea au fanya ya misuli, mwili uwe na kazi. Na ya pumzi ifanyie mazoezi siku za kawaida. Anayeianzia mlangoni pa chumba cha mtihani haimshiki.

Mdadisi:
Kama wiki mbili zimepita usingizi haupo, au hata ulivyovipenda havikuvutii tena, hapo si suala la mbinu. Nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au zahanati, na uende mapema. Mitihani ikikaribia foleni huwa ndefu.