Naomba ushauri: mtoto ameungua kwa uji, shemeji anataka tumfunge ngozi ya samaki, ngege

MamaPendo, Nyalenda

Hamjambo ndugu zangu. Naandika mtoto akiwa amelala mapajani pangu. Binti yangu wa miaka mitatu alivuta kitambaa cha meza Jumapili asubuhi, sufuria ya uji ikamwagikia mkono wa kulia, kuanzia juu ya kiwiko hadi karibu na kiganja, na kidogo kifuani. Uji si kama maji, unagandia mwilini na kuendelea kuunguza. Nilimmwagia maji ya mtungi hadi yakaisha. Jirani akaja na dawa ya meno, nikakataa. Nikambeba hadi kliniki ya karibu, wakamsafisha, wakampaka ile krimu nyeupe yenye madini ya fedha, wakafunga gozi.

Balaa ni kubadilisha. Jana gozi ilikuwa imekauka na kushikamana na kidonda, na muuguzi akaivuta hivyo hivyo. Mtoto alilia hadi sauti ikakatika. Ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota, laini na ya waridi, ilitoka na gozi, damu ikachuruzika hadi kwenye vidole. Sasa akimwona tu mtu mwenye koti jeupe anajikojolea. Kesho tunatakiwa kurudi.

Shemeji yangu anauza samaki Dunga, ufukoni mwa ziwa hapa Kisumu. Amenionyesha video ya Brazili, watu walioungua wanafunikwa kwa ngozi ya tilapia, na nyingine ya Marekani ambapo dubu waliounguzwa na moto wa msituni walifungwa ngozi hiyo kwenye nyayo. Anasema huyo ni ngege wetu huyu huyu, na kwamba atamchuna aliyetoka ziwani asubuhi, aoshe ngozi kwa ndimu na chumvi, tumfunge mtoto. Mama mkwe naye anasema ogaka (mshubiri, aloe) na asali. Je, ngozi ya samaki inatibu kweli? Nimkubalie shemeji? Naombeni mnisaidie kabla ya kesho.

SistaZamu, Kisumu

Pole sana mama, na pole kwa mtoto. Kumwagia maji na kukataa dawa ya meno ulifanya vyema kabisa. Ile video si uongo, ila ngozi mbichi kutoka Dunga usimwekee mtoto, hata ioshwe na ndimu ngapi. Nijibu haraka: ana homa? Kidonda kinatoa harufu au maji ya kijani? Wekundu unapanda kuelekea begani? Vidole anavikunja? Na kwenye kitabu chake cha kliniki, sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zilidungwa? Ndani yake mna kinga ya pepopunda.

MamaPendo

Hana homa. Harufu hakuna. Vidole anakunja ila kiwiko hataki kabisa kukinyoosha. Sindano alimaliza zote.

MaabaraMaseno

Dada, pole. Mimi nasoma mambo ya kemia ya viumbe, acha nieleze hii ngozi kwa sababu wengi wameona video bila kuona kazi iliyotangulia.

Shemeji yako hajakosea kuhusu samaki. Watafiti wa Fortaleza, Brazili, kwenye Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará, wanatumia tilapia wa Nile. Ndiye huyo tunayemwita ngege siku hizi, aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kuwazidi nguvu ngege wa asili, na Brazili alipelekwa 1971 kutoka Afrika. Ngozi yake imejaa kolajeni ya aina ya kwanza, protini ile ile inayoshikilia ngozi ya binadamu. Ukiibandika juu ya kidonda kibichi inashikamana nacho vizuri, inazuia maji ya mwili yasipotee, inafunika ncha za neva zisipigwe na hewa, na chembe mpya zinapata mahali pa kutambaa. Kwa hiyo haibadilishwi kila siku, mara nyingi inakaa hadi kidonda kipone chini yake. Walipoilinganisha na krimu ya fedha, kupona kulitangulia kidogo tu. Faida kubwa ilikuwa maumivu kupungua na bandeji chache.

Lakini angalia wanavyoiandaa. Wanatoa magamba na mabaki yote ya nyama, wanaiosha, wanailoweka kwenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kisha kwenye gliseroli inayoongezwa ukali hatua kwa hatua hadi maji ya ndani yatoke. Baadaye inafungwa na kupigwa mionzi ya gama. Wanapima kama bado kuna bakteria au kuvu, ndipo inaingia kwenye friji, na inaweza kukaa hadi miaka miwili. Harufu ya samaki inakuwa imekwisha. Maji ya ziwa letu yana bakteria kama Aeromonas, ambao kwenye mkono wako mzima hawana la kukufanya, lakini kwenye mkono uliobabuka wanaingia moja kwa moja. Kuna pia bakteria wa jamii ya kifua kikuu, Mycobacterium marinum, wanaowapata watu wanaoshika samaki wakiwa na mchubuko, na kidonda chake hukaa miezi. Hiyo ndiyo hofu yangu kwa mtoto wako.

WuodDunga

Mimi ni mchuuzi kama huyo shemeji na nia yake naielewa, ukimwona mtoto analia hivyo unatafuta chochote. Swali: tukiichemsha? Moto si unaua hivyo vidudu?

MaabaraMaseno

Unaua wengi, kaka, lakini na ngozi yenyewe inakufa. Wewe umeona mara nyingi: ngozi ya ngege ikikaa kwenye mchuzi inalegea, halafu mchuzi ukipoa unaganda na kunata vidoleni kama gundi. Hiyo ni kolajeni iliyofumuka ikawa jelatini, haiwezi tena kushika kidonda. Chumvi na kukausha juani navyo haviui vyote. Ndiyo maana wanatumia mionzi, inaua bila kupika.

WuodDunga

Nimeelewa. Inaniuma lakini. Ngozi za mbuta hapa Kisumu zinatengenezewa viatu na mikoba, wataalamu tunao, samaki tunao. Hii ya hospitali nayo ingeandaliwa hapa.

MamaKemboi, Nakuru

Mwanangu aliungua mguu kwa chai, nilimpaka asali ya Baringo na alipona bila kovu kubwa. Asali ni dawa, mama, usiidharau.

MaabaraMaseno

Hata mimi siidharau. Asali inafyonza maji kutoka kwa bakteria, ina asidi, na nyuki wanaiwekea kimeng'enya kinachotoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo inapokutana na majimaji ya kidonda. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalipima majaribio 26, na mahali asali ilipoonekana wazi kusaidia ni kwenye kuungua kwa kina cha wastani: siku nne hadi tano mapema kuliko bandeji za kawaida. Ila ya hospitali nayo hupigwa mionzi ya gama kwa sababu asali mbichi inaweza kubeba mbegu za vijidudu, na ukiipasha moto kile kimeng'enya kinaharibika. Ya chupa ya barabarani, ambayo pengine imechanganywa na sharubati ya sukari, hiyo siwezi kumshauri mtu aiweke kwenye kidonda wazi.

MzeeWaAhero

Binti yangu, na ogaka je? Sisi tumeitumia tangu utotoni.

SistaZamu

Baba, shikamoo. Ule ute mwangavu wa katikati ya jani unatuliza, na kwa ngozi iliyowiva tu kwa moto bila kubabuka sina shida nao. Shida ni ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, unawasha na kuchoma ngozi. Ukikata jani nyumbani vinachanganyika. Huyu mtoto amebabuka, tusimguse na jani.

MamaPendo, sasa sikiliza, kwa sababu maumivu ya mtoto wako yana dawa hata bila samaki. Kuungua kwenye kiungo, kama kiwiko, kunatakiwa kuonwa hospitali kubwa. Kesho usirudi kliniki, nenda Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu. Kabla ya kutoka nyumbani wapigie uwaulize kipimo cha dawa ya maumivu kwa uzito wake, umpe nusu saa kabla gozi haijaguswa. Ukifika sema hivi, bila woga: "Naomba gozi ilowekwe kwanza." Wanamimina salaini (maji safi ya chumvi) ya uvuguvugu na kusubiri robo saa, gozi inaachia yenyewe. Ikiwa bado inashika, wanaongeza salaini na kusubiri tena. Kisha waombe safu ya chini iwe gozi ya parafini, ile yenye mafuta, haishiki nyama changa. Nayo safu hiyo, kama kidonda ni safi, inaweza kuachwa palepale na kubadilishwa gozi za juu tu.

Uliza pia kama bado kuna haja ya ile krimu nyeupe. Inaua bakteria kweli, lakini kwenye kidonda cha juujuu inachelewesha ngozi mpya, na kuifuta kila mara ndiyo mateso yenyewe.

Na kiwiko. Mtoto anakikunja kwa sababu hivyo hakiumi, na kovu likikauka hivyo mkono hautanyooka tena. Waambie wakupe kibao cha kukinyoosha.

Samaki wa shemeji mpikie. Mtoto aliyeungua anahitaji protini nyingi kuliko siku zote.

MamaPendo

Narudi na habari. Tulienda. Nilisema yale maneno kama ulivyoniandikia na dada wa pale akasema, "Hiyo ni haki yake." Walimwaga salaini, tukakaa, nikamwimbia. Ile gozi ya mwisho ilielea, ndugu zangu, ilielea kama jani kwenye maji, na mtoto alikuwa anaitazama. Alilia kidogo walipomsafisha kifuani, basi.

Daktari amesema sehemu kubwa ni ya waridi na inarudisha damu ukiibonyeza, itapona yenyewe. Kuna kipande karibu na kiwiko, ukubwa wa shilingi ishirini, ni cheupe na hasikii ukikigusa. Hicho watakifuatilia, kisipofunga kwa wiki tatu watazungumzia kupandikiza ngozi. Nimelia njia nzima lakini angalau najua.

Shemeji nilimsomea majibu yote. Alinyamaza, kisha akaenda akaleta ngege wawili.

SistaZamu, kibao hiki nimfunge hata mchana?

SistaZamu

Usiku na akilala mchana. Akiwa macho mfungue, mpe kitu cha kufikia kwa mkono huo huo, kikombe au mdoli, uweke mbali kidogo ili anyooshe mwenyewe. Usimvute. Na kile kipande cheupe kipige picha leo kwenye mwanga wa dirisha, halafu piga tena kila siku ya kubadilisha, uwaonyeshe.